Mrija wa Kahonzi

"Shikamoo mama," Mutuku alisema alipopokea simu.

"Marahaba mwanangu. Kaa wangu wamekwenda."

Aliyepiga alikuwa Mbeyu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Dabaso wanaofuga kaa kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari katikati ya mikoko. Alikuwa mtu wa kwanza pwani nzima kukubali kuijaribu Maji Leo, programu ya simu aliyoitengeneza Mutuku ili kumwambia mtu bahari itajaa lini na itafika kimo gani. Mutuku alijivunia jambo hilo. Hata wateja wengine walipomuuliza ni nani anayeitumia, alilitaja jina la Mbeyu kwanza.

"Wamekwenda wapi, mama?"

"Baharini. Wangekwenda wapi?"

Mbeyu akaeleza pole pole, kwa sauti ya mtu ambaye hasira zake zimeshapoa na kugeuka kitu kigumu zaidi. Kaa wao hukaa ndani ya vizimba vilivyozungushiwa nyavu. Bamvua inapokaribia, bahari inapojaa kupita kiasi, akina mama huzipandisha nyavu juu ya nguzo ili maji yasizivuke. Ni kazi nzito, ya kusimama kwenye tope mpaka magotini. Safari hii waliuona mwezi umejaa, na Caroline, mmoja wa wanakikundi, akasema wapandishe. Lakini bamvua hazilingani, nyingine huwa ndogo, na simu ya Mbeyu ilionyesha maji ya kawaida tu. Mbeyu akawaambia wenzake wapumzike. Asubuhi yake maji yakapita juu ya nyavu kimo cha mkono, na kaa wakaogelea wakaenda zao.

"Nimeiangalia simu hii tangu siku ile," alisema. "Kila siku inasema maji yale yale, kama maji ya tangi. Simu yako haijui bamvua, Mutuku."

Mutuku aliifungua Maji Leo kwenye simu yake mwenyewe, akairudisha nyuma hadi siku ile. Bamvua ilikuwapo, tena kubwa, mstari wa buluu umepanda karibu na ukingo wa juu wa kioo. Akamwomba Mbeyu amsomee alichokiona yeye kwa siku hiyo hiyo. Mbeyu akasoma. Namba hazikulingana hata kidogo.

"Ifute, kisha uiweke upya," Mutuku alisema.

"Nimeshafanya hivyo. Nimezima simu nikaiwasha. Hata betri nimeitoa nikairudisha."

Alipokata simu, Mutuku aligeuza kiti. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja Kibarani, juu ya duka la mabati na misumari, na kwenye meza ya pili alikaa Kahonzi, mwenzake wa kazi, ambaye alikuwa ameshavua vipokea sauti masikioni na kuyasikia yote.

"Programu ni ile ile," Mutuku alisema. "Siku ni ile ile. Kwangu bamvua ipo, kwake haipo. Labda simu yake ni mbovu. Au anaangalia ukurasa wa siku nyingine."

"Mama Mbeyu hawezi kukosea siku," alisema Kahonzi. "Kapoteza kaa siku hiyo."

Hakulisema kwa ukali. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, wakafungua ofisi hii pamoja, na katika miaka yote hiyo Mutuku hakuwahi kumsikia akimlaumu mtumiaji kabla ya kuichunguza kazi yao wenyewe. Mutuku alikuwa mwepesi wa kubuni majibu, na mara nyingi alipatia. Kahonzi hakubuni. Alikaa na tatizo kama mtu anayekaa na mgonjwa, akiuliza linaumia wapi, akingoja ajibiwe.

"Injini inasemaje?" aliuliza.

"Injini gani?"

"Ya Bi Damaris."

Mutuku alikuwa ameandika sehemu ya Maji Leo inayoonekana, yaani rangi, vitufe na mistari ya buluu. Hesabu zenyewe hazikuwa zake. Ziliandikwa miaka mingi nyuma na Damaris, mama aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, ambako ni lazima mtu ajue bamvua itafika kimo gani kabla ya kufungua milango ya kuingizia maji ya bahari mabwawani. Alipostaafu aliwapa programu yake bure, akawaambia waitunze. Kahonzi ndiye aliyeihamisha kutoka kwenye kompyuta na kuifanya iishi ndani ya simu, chini ya rangi za Mutuku.

Kahonzi alifungua laptopu, akaiendesha injini peke yake kama ilivyokuwa ikiendeshwa Marereni. Mistari ya maandishi ikashuka kwenye kioo. Nimepokea nguvu ya mwezi. Nimepokea nguvu ya jua. Naanza kujumlisha. Nimemaliza salama.

"Umeona?" alisema. "Damaris aliifundisha kusema. Kila hatua inataja inachofanya. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini huyu hafichi chochote. Sisi ndio tuliomziba mdomo."

"Nani kamziba?"

"Kwenye kompyuta, programu ikisema neno, neno linatokea kwenye kioo. Kwenye simu hakuna kioo cha namna hiyo, chako kimejaa mistari ya buluu. Kwa hiyo simu inayachukua maneno yake yote na kuyatupa. Huko Dabaso injini huenda inapiga kelele kutwa, na hakuna anayeisikia."

Mutuku alilijua hilo, kwa namna mtu anavyojua mambo aliyoyasoma zamani na hajapata kuyatumia. Akamwuliza kwa nini wasiende tu kwenye kila mstari wa injini unaosema kitu, waubadilishe, uandike kwingine.

"Ni mistari mia ngapi?" alisema Kahonzi. "Na kila tutakaougusa tunaweza kuuharibu. Kazi ya Damaris ni nzima, nisingependa kuipasua. Tutauacha mdomo wake ulivyo. Tutabadilisha tu maneno yanakoelekea."

Kisha akamweleza alichokusudia, na Mutuku akasogeza kiti. Kila simu ina kumbukumbu ya mfumo, mahali ambapo simu yenyewe huandika kila linaloipata: programu imefunguka, mtandao umepotea, betri imepata moto. Mwenye simu haioni kwa kawaida, ila ukiiunganisha simu na kompyuta kwa waya unaweza kuisoma inavyoandikwa. Kahonzi alitaka maneno ya injini yaingie humo. Angetengeneza mrija ndani ya programu. Upande mmoja wa mrija angeuweka pale pale injini inapotolea maneno, ili injini idhani bado inasema na kioo chake cha zamani. Upande wa pili angeweka msikilizaji mdogo, kazi yake kungoja tu, na kila mstari ukifika aupokee na kuuandika katika kumbukumbu ya simu, pamoja na jina la Maji Leo ili usipotee kati ya maneno ya wengine.

Aliuandika mrija huo asubuhi ile, kimya, kidole kimoja kikigonga meza kila alipofikiri. Haukuwa mrefu. Mutuku aliusoma ulipokwisha akaona hauna neno la ziada, kama fundi mzuri wa makuti anavyoshona bila kuacha ncha.

Waliiweka programu mpya kwenye simu ya Mutuku, wakaichomeka kwenye laptopu. Kumbukumbu ya mfumo ikaanza kutiririka, simu ikisimulia mambo yake. Mutuku akaifungua Maji Leo. Mstari wa buluu ukapanda, bamvua ikatokea. Lakini katika kumbukumbu, injini haikusema hata neno.

"Haifanyi kazi," Mutuku alisema. Alijaribu tena, na tena. Akakumbuka sauti ya Mbeyu. "Basi tuandike upya sehemu ile ya hesabu. Mimi nitaiandika."

Kahonzi alikuwa akiukodolea macho ule ukimya kwenye kioo, wala hakuonekana kukata tamaa. Mutuku alipoitazama sura yake aliona udadisi mtupu, na akaona haya kidogo kwa pupa yake.

"Ngoja," alisema Kahonzi. "Ifungue na kuifunga mara nyingi. Usikome."

Mutuku akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Kahonzi akahesabu kwa midomo bila sauti. Ghafla maneno ya injini yakamwagika yote pamoja, ukurasa mzima, mpaka neno la mwisho likakatika katikati.

"Haikuwa kimya," Kahonzi alisema, na sasa alitabasamu. "Ilikuwa inakusanya. Programu ikisema na kioo, hutoa kila mstari unapokwisha. Ikisema na mrija, inaona hakuna haraka. Inajaza ndoo kwanza ndipo imwage. Tuliifungua mara moja tu, ndoo haikujaa."

"Sasa?"

"Sasa tunaiambia isitumie ndoo."

Aliongeza mstari mmoja wa maagizo mwanzoni, wa kuitaka injini itoe kila mstari mara unapokamilika. Safari hii Mutuku alipoifungua Maji Leo, kumbukumbu ya simu ikajibu papo hapo. Nimepokea nguvu ya mwezi. Nimepokea nguvu ya jua. Mutuku alijikuta anasoma kwa sauti. Miezi mingi alikuwa amekaa juu ya injini hii na kuiona kama sanduku lililofungwa. Leo ilikuwa inaongea kutoka ndani ya simu yake, kwa Kiswahili cha Damaris cha upole, kisichoruka hatua.

Kwenye simu yake hapakuwa na kosa lolote, nao hawakulitarajia. Kesho yake wakapanda pikipiki ya Kahonzi, Kahonzi mbele, Mutuku nyuma na laptopu kifuani, wakashika barabara ya kwenda Dabaso.

Mbeyu aliwapokea mahali akina mama wanapouzia chakula, karibu na mwanzo wa daraja la mbao linalopita kati ya mikoko. Yeye na Kahonzi walisalimiana kwa Kigiriama, kwa kirefu, watu wa nyumbani wakiuliziwa mmoja mmoja. Kisha Mbeyu akamgeukia Mutuku kwa Kiswahili.

"Umekuja kuniambia simu yangu ni mbovu?"

"Nimekuja kukupa pole, mama. Na kuisikiliza simu."

"Pole nimepokea. Isikilize."

Aliitoa simu kwenye pindo la kanga. Ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ya Mutuku. Ili kompyuta iruhusiwe kuisoma kumbukumbu ya mfumo, ilibidi kwanza waingie ndani sana kwenye mipangilio ya simu, na Mutuku alipoifungua mipangilio akakwama. Hakuelewa hata neno moja.

"Hii ni lugha gani?"

"Kitaliano," alisema Mbeyu. "Nilipika miaka mingi kwa Bibi mmoja Watamu. Aliporudi kwao aliniachia. Ilikuja ikisema Kitaliano, na mimi Kitaliano nakisema, sikuona sababu ya kuisumbua. Unataka kwenda wapi? Niambie, nitakupeleka."

Basi Kahonzi akawa anamwambia anachotafuta, Mbeyu anakifungua, Mutuku anashika waya. Maji Leo yenyewe ilikuwa kwa Kiswahili tu, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria lugha ya simu. Waliiweka programu mpya, yenye mrija. Caroline na wenzake wawili waliacha masufuria wakaja kusimama nyuma yao.

"Fungua sasa, mama," alisema Kahonzi.

Mbeyu akaigusa picha ya Maji Leo. Mstari wa buluu ukajichora, mfupi, wa kawaida, wa maji ya tangi. Na kwenye laptopu injini ikaanza kusema.

Nimepokea nguvu ya mwezi.

Onyo: katika '1,05' nimekuta alama nisiyoijua. Nimesoma 1. Tafadhali hakikisha.

Nimepokea nguvu ya jua.

Onyo: katika '0,52' nimekuta alama nisiyoijua. Nimesoma 0. Tafadhali hakikisha.

Onyo likafuata onyo, kila moja likimalizika na ile tafadhali. Mutuku aliitazama ile mikato katikati ya namba, mikato mahali ambapo yeye angeweka nukta.

"Ni mimi," alisema.

Sehemu yake ndiyo iliyoipelekea injini namba. Aliziandika kama maneno, na alikuwa ameiachia simu iziandike kwa desturi ya lugha yake. Simu ya Kiswahili au ya Kiingereza huweka nukta. Waitaliano huweka mkato. Injini ya Damaris ilisoma tarakimu mpaka ilipokutana na mkato, ikasimama, ikachukua ilichokwisha kusoma, na ikasema wazi wazi kwamba haina hakika.

"Nielezeni na mimi," Mbeyu alisema.

Kahonzi akachuchumaa mbele yake. "Mama, maji yanavutwa na mwezi, na jua linasaidia kwa karibu nusu ya nguvu hiyo. Mwezi na jua wakivuta pamoja, ni bamvua. Wakivutana kila mtu na upande wake, ni maji mafu. Simu yako iliusoma mwezi, lakini kwenye jua ikasoma sufuri. Ilikuwa inapiga hesabu ya bahari isiyo na jua. Mwezi ukiwa peke yake, maji hujaa kimo kile kile, leo kama jana."

Mbeyu alilifikiri hilo. "Kama ya tangi," alisema.

"Kama ya tangi. Ulisema kweli tangu mwanzo."

"Na hii mashine ilikuwa inalalamika siku zote?"

"Kila ulipoifungua."

Mbeyu aliinama akaisoma tena ile mistari kwenye laptopu, midomo ikitembea. "Ina adabu," alisema mwishoni. "Inasema tafadhali." Wale akina mama nyuma wakacheka, na hewa ikalegea.

Mutuku alirekebisha kosa pale pale, laptopu juu ya benchi la kulia. Ilikuwa kazi ya kuongeza maneno machache: andika namba kwa nukta, lugha ya simu iwe iwayo. Alipomaliza aliirudisha programu kwenye simu ya Mbeyu. Maonyo yakakoma. Nimepokea nguvu ya jua, ilisema injini, na mstari wa buluu ukapanda na kushuka kwa kipindi kizima cha mwezi, ukinenepa wakati wa bamvua na kukonda wakati wa maji mafu, jinsi bahari inavyofanya kweli.

Mbeyu hakushukuru haraka. Alisema kikundi hakitaitegemea simu mpaka bamvua nyingine ipite, naye aone kwa macho yake. Mutuku akasema ni haki, na kwamba yeye angependa kuwapo siku hiyo. Aliuliza pia kama anaweza kuja kusaidia kuvijaza vizimba upya. Caroline akamtazama viatu vyake vyeupe, akamwambia aje na vingine.

Bamvua iliyofuata ilipokaribia, alikuja na vingine, na Kahonzi akaja. Walizama kwenye tope pamoja na akina mama, wakazipandisha nyavu juu ya nguzo, na Mutuku akajua kwa mgongo wake kwa nini Mbeyu alitaka kuwapumzisha wenzake siku ile. Caroline alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye nguzo moja, pale simu iliposema maji yatakoma. Wakarudi kukaa kwenye daraja la mbao. Maji yakaingia taratibu kati ya mizizi, yakalificha tope, yakapanda nguzo. Yakakigusa kitambaa, yakakilowesha ukingo, yakasimama hapo kwa muda kama mtu aliyefika mlangoni, kisha yakaanza kurudi.

Mbeyu aliitikia kwa kichwa mara moja. "Sasa inajua bamvua," alisema.

Katika siku zilizofuata Mutuku alidhani Kahonzi angeuondoa mrija, kwa kuwa kosa lilikuwa limepatikana. Kahonzi akakataa. Alisema simu zitatoka kwa Waitaliano, kwa Wajerumani, kwa Wachina, na kila moja itakuja na lake. Injini itasema, na mtu atakayekuja na waya ataisikia, hata kama mtu huyo si yeye wala Mutuku. Mutuku aliitafakari kauli ile zaidi ya alivyoonyesha. Wengi aliowajua, yeye akiwamo, walijenga vitu ili visifiwe. Kahonzi alikuwa amejenga kitu kwa ajili ya mtu asiyemjua, siku ambayo mambo yatakuwa yameharibika, na angeridhika ikiwa siku hiyo haitafika kamwe.

Mutuku alimpigia Damaris kumweleza. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza kama yale maonyo yalitoka yote.

"Yote, mama. Na tafadhali zake."

Damaris alicheka. "Niliyaandika nikiwa peke yangu kule mabwawani. Sikuwa na mwenzangu wa kumwuliza, basi nikaifundisha mashine iniulize mimi. Sikufikiri mwingine angekuja kuyasoma. Ni nani aliyeyatoa?"

"Kahonzi. Hakuugusa hata mstari wako mmoja."

"Hata mmoja?"

"Alisema kazi yako ni nzima."

"Nipe huyo binti," alisema Damaris.

Mutuku akampelekea Kahonzi simu, akarudi kwenye meza yake kujifanya anafanya kazi. Alisikia upande mmoja tu. Kahonzi alieleza mrija, akaeleza msikilizaji, akafika kwenye ile ndoo na hapo akaanza kucheka, kwa sababu Damaris, ilivyoelekea, alikuwa ameteswa na ndoo hiyo hiyo kule Marereni zamani, kabla Kahonzi hajajua kusoma. Walizungumza mpaka simu ikapata moto. Damaris alikuwa na programu nyingine ndani ya kompyuta kuukuu, za mvua na za ukaukaji wa chumvi, zote zinasema, na hakuna anayezisikia.

Jumamosi Kahonzi aliwasha pikipiki akaelekea Marereni. Mutuku hakualikwa, wala hakuona vibaya. Alishuka mpaka barabarani kumshikia laptopu wakati akivaa kofia ya chuma, akampa, akasimama mbele ya duka la mabati mpaka sauti ya pikipiki ikamezwa na kelele za mji.